Mapambo ya Krismasi ya mtumba yakigoma: dalili, chanzo na namna ya kuyaokoa

Mvua za Novemba zikishaanza kupiga mabati hapa Mbeya, simu yangu nayo huanza kulia. Mmoja ameshusha boksi lake juu ya kabati, amekuta mipira ya kioo ina madoa meusi. Mwingine amenunua taa sokoni Mwanjelwa, amechomeka, zimewaka kwa mwanga mkali wa ajabu kisha zimezimika zote kwa pamoja. Wa tatu ni mama mchungaji wa kule Tukuyu, nyota yake ya karatasi imelegea pembe kama masikio ya mbuzi.

Nimekusanya mapambo ya zamani ya Krismasi kwa miaka kumi na mitano. Mengi yametoka kwenye belo za mchanganyiko, zile ambazo ndani yake unakuta midoli, mikanda na vikombe. Machache nimeyapata kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wanahama. Katika miaka hiyo nimeona kwamba uzee peke yake hauyaui mapambo haya. Yanauawa na unyevu, na umeme ambao si wake, na zaidi ya yote mkono wenye haraka ya kusafisha. Kwa hiyo mtu akinipigia, swali langu la kwanza huwa lile lile: kimetengenezwa kwa kitu gani, na kimetoka wapi? Nikishajua hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha.

"Nimeosha, rangi yote imetoka"

Naanza na hili kwa sababu halina dawa, na mimi mwenyewe nililifanya. Mwaka wangu wa pili nilipata ndege sita wa kioo, wale wenye mkia wa nyuzi nyeupe za kioo na klipu ya chuma miguuni. Walikuwa na vumbi la safari ndefu. Nikachota maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikatia sabuni ya unga kidogo, nikawazamisha. Dakika mbili hazikufika, maji yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Niliowatoa walikuwa wa rangi ya fedha tupu, hawana macho, hawana midomo, na nyuzi za mkia zimeshikana kama nywele zilizolowa. Nilikaa pale jikoni nikalia. Mama mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Kyela. Akamwokota mmoja, akamgeuza geuza mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini hukujaribu na mmoja kwanza?"

Sababu ni hii. Mapambo ya aina hiyo yanapulizwa kwa kioo chembamba kama ganda la yai. Ndani humiminwa dawa ya fedha, ndiyo inayoleta ule mng'aro wa kioo cha kujitazamia. Nje hupakwa rangi kwa brashi, na rangi hiyo haikuchomwa tanuruni kama maua ya sahani. Imelala tu juu ya kioo. Ufundi huu ulikua katika mji wa Lauscha, kwenye milima ya Thuringia huko Ujerumani, karne ya 19, na ulikuwa kazi ya majumbani: huyu anapuliza, huyu anatia fedha, huyu anapaka rangi. Maji yakiingia chini ya rangi, rangi inainuka. Mate yanafanya hivyo hivyo. Dawa za kusafishia madirisha ni mbaya kuliko vyote, maana nyingi zina amonia.

Tumia brashi kavu na laini, ile ya kupakia poda, lakini iwe mpya isiyo na poda. Kaa mezani, tandika taulo lililokunjwa mara nne, na shika pambo kwa shingo huku mkono mwingine ukiwa chini yake. Piga brashi kwa kugusa tu. Uchafu uliokataa kutoka kwa brashi kavu, uache ulivyo. Na kama una mapambo kumi ya aina moja, jaribu na moja, lile lenye ufa, halafu subiri siku nzima kabla ya kugusa mengine.

Kama rangi imeshatoka, tafadhali usiirudishie kwa rangi ya kucha. Pambo la fedha tupu likikaa karibu na taa ya mwanga wa njano lina uzuri wake. Wawili kati ya wale ndege wangu bado wazima, na kila Desemba huwabana kwenye nondo za dirisha la sebuleni, pale jua la jioni linapopita.

"Mipira imeota madoa meusi"

Kwanza jua doa liko upande gani. Pitisha brashi kavu: likifutika, lilikuwa nje, ni ukungu au masizi ya jikoni, na mpira wako ni mzima. Lisipofutika, vua kifuniko taratibu, washa tochi ya simu na uimulike shingoni. Ukiona mwanga unapenya pale penye doa, fedha ya ndani imebanduka. Usipoona mwanga na pale pakiwa peusi, fedha imechakaa kwa hewa na unyevu ulioingia kwa juu. Hali zote mbili hazirudi nyuma. Usitikise mpira kutafuta vipande vilivyobanduka, maana vikizunguka ndani vinakwangua na vilivyobaki.

Chanzo kikubwa huku kwetu ni kifuniko kilichopotea. Mpira usio na kifuniko ni chupa iliyo wazi, na Rungwe ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Ule uliokwisha kuharibika utundike ndani ya mti, karibu na shina, upande wenye doa ukiangalia ndani. Pale hauonekani vizuri, lakini unarudisha mwanga wa taa, na mti wote unaonekana una kina.

Kuna kisa kimoja ambacho si ugonjwa. Ukipata mpira wa kioo usio na fedha ndani, una mistari michache ya rangi, na kifuniko chake ni cha karatasi ngumu badala ya bati, usidhani ni mbovu. Marekani walikuwa wakitengeneza mipira kwa mashine tangu 1939, katika kiwanda cha Corning ambacho mashine zake zilikuwa za kupulizia balbu. Vita Kuu ya Pili ilipokolea, metali zikaenda vitani, na mipira ikauzwa bila fedha na kwa vifuniko vya karatasi. Nilikuta wa namna hiyo mmoja kwenye rundo la vitu vya shilingi mia tano. Muuzaji aliniambia, "Mama, huo umechoka, chukua huu mwingine." Nikachukua yote miwili.

Kifuniko kikichomoka kila ukitundika, tatizo ni ule waya wa ndani wenye miguu miwili, umelegea. Uvute nje, tanua miguu yake kwa vidole iwe mipana kuliko shingo, kisha ibane pamoja na kuirudisha. Kama shingo imemeguka, kata tamaa na mpira huo, lakini kifuniko chake kitunze. Mimi nina kopo zima la vifuniko.

"Taa zimewaka kwa nguvu, kisha zimekufa"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo nyumba inaweza kuungua, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kabla ya kuchomeka chochote, tafuta kibandiko kwenye waya karibu na plagi. Kikisema volti 220 au 240, taa zimetoka nchi yenye umeme unaofanana na wetu wa volti 230. Kikisema 120, ni za Marekani. Kikisema 100, ni za Japani, na mtumba wa Japani huku ni mwingi. Kibandiko kikiwa kimetoka, angalia plagi: miguu miwili bapa iliyosimama sambamba ni ya Marekani au Japani. Miguu miwili ya duara mara nyingi ni ya Ulaya bara.

Sasa piga hesabu. Mfuatano wa kawaida wa taa ndogo za Marekani una balbu 50, kila moja ya volti 2.5. Zidisha, unapata 125. Ukizichomeka kwenye ukuta wetu, kila balbu inalishwa karibu mara mbili ya chakula chake. Ndiyo maana unaona ule mwanga mweupe wa kuumiza macho, halafu giza.

Wengi hunijibu, "Lakini dada, nilitumia adapta." Adapta ya kawaida inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu, umeme unabaki ule ule. Unachohitaji ni transfoma ya kushusha umeme, na hiyo nayo ina uwezo wake. Zile balbu kubwa za kizamani zenye umbo la tunda la msindano, zinazoitwa C9, hula wati 7 kila moja. Mfuatano wa balbu 25 ni wati 175. Transfoma ya wati 100 itachemka, kwa hiyo nenda na ya 300. Ukiona bei ya transfoma inazidi bei ya taa mara tano, basi usinunue hizo taa.

Na kuna tabia moja naiomba tuiache. Plagi ya miguu miwili ikikataa kuingia kwenye soketi ya matundu matatu, tunachokoa tundu la juu kwa kalamu ili lango lifunguke. Plagi inaingia, lakini inakaa kwa kulegea, inapiga cheche, na haina fyuzi yoyote ya kuilinda. Nunua adapta inayobana, au mwite fundi akufungie plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 3. Fyuzi ya 13 haitakatika hata waya huo mwembamba ukiwaka moto.

Kama volti ni sahihi na taa bado haziwaki, kumbuka kuwa seti nyingi za zamani zimeunganishwa kwa mnyororo mmoja: umeme unapita balbu ya kwanza ndipo ufike ya pili. Moja ikifa au ikilegea, zote zinazima. Chomoa plagi kwanza. Kaza balbu moja moja kwa vidole, maana mara nyingi imelegea tu safarini. Kisha vua kila balbu uangalie uzi wake wa ndani dhidi ya mwanga. Ukiwa na tesa, kile kifaa cha kupimia umeme, pima balbu mezani, na ile isiyopitisha umeme ndiyo mwizi wako. Huna tesa? Chukua balbu moja unayoijua ni nzima na yenye volti ile ile, iweke nafasi ya kwanza, chomeka uone, chomoa, irudishe ya zamani, songa ya pili. Njia hii ni ya subira, na inasaidia tu kama iliyokufa ni moja. Seti za Uingereza mara nyingi zina balbu moja iliyopakwa nyeupe. Hiyo ni fyuzi, na isibadilishwe kwa balbu ya kawaida.

Zikiwa zinawaka lakini zinaungua moja baada ya nyingine kila jioni, ni habari nyingine. Balbu ndogo za miaka ya karibuni zina kipande cha waya chini ya uzi. Uzi ukikatika, kipande hicho kinapitisha umeme ili wenzake waendelee kuwaka. Lakini mzigo wa aliyekufa unagawanywa kwa waliobaki. Wakifa watano, waliobaki wanapata volti za ziada na wanaungua haraka zaidi. Kwa hiyo balbu ikizima, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Zinazima na kuwaka zenyewe? Tafuta balbu yenye ncha nyekundu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kikipata joto na kukata umeme, kikipoa kinarudi. Iondoe, weka ya kawaida, na taa zitatulia.

Mwisho kabisa, kunja waya taratibu karibu na plagi na karibu na holda mbili tatu. Ukiona nyufa au ukiona plastiki inamomonyoka, au panya ameonja, kata plagi leo ili mtu mwingine asije akachomeka kwa bahati mbaya. Balbu zitunze. Mimi balbu za aina hiyo nazipanga kwenye bakuli la kioo na kuficha uzi mwembamba wa taa za LED katikati yake. Mgeni akiingia anaona balbu za 1960 zinawaka, na mimi nalala usingizi. Hata zile nzima, nazizima kabla ya kulala na nachomoa kila umeme unapokatika, kwa sababu ukirudi huwa unarudi kwa kishindo.

"Nyota ya karatasi imelegea pembe"

Nyota hii ya karatasi huitwa nyota ya Herrnhut, kwa jina la mji wa Ujerumani, na ina historia yetu ndani yake. Wamisionari Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na nyota yenyewe ilianzia kwenye shule yao ya wavulana ya Niesky, miaka ya 1830, katika somo la maumbo. Baadaye ikatengenezwa kwa biashara pale Herrnhut. Ndiyo maana nikipata moja ya zamani naichukulia kama kitu cha nyumbani kilichorudi.

Nyota kamili ina pembe 25: 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Hesabu kabla ya kuunganisha. Ukimaliza ukabaki na tundu moja la mraba kwa juu, hujapoteza pembe. Pale ndipo taa inapoingia na nyota inaponing'inizwa. Ukibaki na tundu ubavuni, umechanganya.

Yule mama mchungaji wa Tukuyu alikuwa ameitundika barazani. Za karatasi ni za ndani, za nje ni zile za plastiki. Karatasi ikinyonya unyevu wa usiku inalainika, na uzito wa pembe unaivuta. Nilimwambia aifungue yote, alaze pembe chumba kikavu siku tatu, kila moja akiwa ameingiza ndani karatasi nyeupe iliyokunjwa kama koni ili irudi umbo. Iliyochanika ashikize kwa ndani kwa kipande cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe kidogo. Selotepu asiiguse, maana baada ya miaka michache inakuwa kahawia na doa lake halitoki. Ndani aweke balbu ndogo ya LED badala ya balbu ya uzi, kwa sababu joto ndilo lililokuwa limeikausha karatasi hadi ikawa inakatika kwenye mikunjo. Akanijibu kwa ujumbe wa maneno mawili, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na picha: nyota ikiwa ndani ya dirisha, Jumapili ya kwanza ya Majilio.

"Piramidi ya mishumaa haizunguki"

Hizi ni zile za mbao kutoka milima ya Erzgebirge, Ujerumani: mishumaa chini, joto linapanda, mapanga ya juu yanazunguka na malaika au wachungaji wanazunguka nayo. Ni nadra kwenye mtumba, na karibu zote ninazoletewa zina shida ile ile, kwa hiyo nitakuambia mpangilio ninaoufuata.

Weka meza iwe sawa. Tumia bakuli la maji kuangalia. Funga dirisha na mlango, maana upepo mdogo unapeleka joto pembeni. Zungusha mhimili kwa kidole bila kuwasha kitu. Ukisimama ghafla, tatizo liko chini, pale sindano ya chuma inaposimama kwenye kikombe kidogo cha kioo au shaba. Ondoa mhimili, utakuta masizi na nta, na mara nyingi mafuta ya kupikia ambayo mtu aliweka kwa nia njema. Mafuta yanashika vumbi na kuwa gundi. Safisha kikombe kwa kijiti chenye pamba kavu, na ncha ya sindano ikiwa butu inoe kidogo kwa msasa laini sana. Mhimili ukizunguka vizuri lakini mishumaa haiupeleki, angalia mapanga. Yote yanapaswa kuinama kwa pembe moja, karibu nyuzi 45. Moja likilala zaidi linapigana na mengine.

Mishumaa yetu ya dukani ni minene kuliko vikombe vya piramidi, na watu huichonga chini. Inakubalika, ila angalia moto wake. Mwali mrefu unachoma mapanga, na ukiona mbao imeanza kuwa kahawia, zima. Usiiache ikiwaka hata ukienda mlangoni kupokea mgeni.

"Plastiki inanata"

Baba Krismasi wa plastiki laini, midoli yenye nyuso za mpira, hata majani ya miti ya bandia: baada ya miaka, mafuta yaliyotiwa kiwandani ili plastiki iwe laini huanza kutoka nje. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kausha, paka poda ya mtoto kidogo sana, pangusa. Itarudi kunata baada ya miezi, utarudia.

Kubwa ni kuvitenganisha. Mwaka mmoja nilizungushia waya wa taa kwenye mtu wa theluji mweupe wa povu ili nisiuchanganye. Nilipofungua mwaka uliofuata, waya ulikuwa umemla. Ulikuwa umezama ndani yake kwa mfereji laini uliozunguka tumbo mara tatu, kama alama ya kamba kwenye shina la mti. Mafuta ya plastiki ya waya yaliyeyusha povu. Tangu siku hiyo kila kitu cha plastiki laini kinalala kwenye karatasi nyeupe peke yake.

"Je, kina sumu?"

Swali zuri, hasa ukiwa na mtoto anayetambaa au paka. Nyuzi za kumetameta za zamani zilizo nzito, ambazo ukiziachia zinaanguka wima na ukizikunja zinabaki zimekunjwa, huenda ni za madini ya risasi. Marekani waliacha kuziuza tangu 1972. Za leo ni plastiki, nyepesi, zinapepea. Zile nzito usizitundike. Theluji ya bandia ya unga kwenye boksi la miaka ya 1930 au 1940 usiifungue kabisa, kwa kuwa iliyouzwa enzi hizo iliwahi kutengenezwa kwa asbesto. Rangi inayobanduka kwenye sanamu za zamani ichukulie kuwa ina risasi: pandisha juu, nawa mikono. Mti wa bandia wa miaka mingi nao unamwaga vumbi, kwa hiyo usiweke vikombe vya chai chini yake.

Kwa sanamu za mbao, swali ni wadudu. Rafiki yangu wa Mafinga alipata pango la Noeli lililochongwa, na kila asubuhi akakuta unga mwembamba chini ya ng'ombe. Matundu madogo ya duara, unga mpya: dumuzi yuko hai. Funga sanamu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka friza kwa wiki mbili, kisha iache irudi joto la chumba ikiwa bado imefungwa, ili mvuke usigande juu ya rangi. Yule ng'ombe sasa yuko mezani kwake na hana unga.

"Kila kitu kizima, ila sebule inaonekana kama banda la mtumba"

Hili huniuma kulisikia, kwa kuwa mtu ametafuta vitu vizuri na anakaribia kuvificha. Chanzo mara nyingi ni vitambaa. Vitambaa vya kufuma vya makochi, vya meza na vya televisheni navipenda, mama yangu alivifuma. Lakini vina mapambo yake, na juu yake pambo dogo la zamani linapotea. Desemba ondoa kitambaa sehemu moja tu, meza moja, na uiache mbao ionekane. Hapo weka vile vya zamani.

Vipange kwa umri na kwa rangi. Maandishi chini ya pambo yatakusaidia: "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990, na "Occupied Japan" ni kabla ya 1952. Vijumba vya karatasi ngumu vya Japani, vilivyonyunyiziwa chenga za kumetameta, vinapendeza pamoja, vitano au saba, vikiwa na taa nyuma yake. Mipira ya rangi za kufifia ichanganye na majani mabichi ya msaipresi, usiiweke na maua ya plastiki yenye rangi kali. Kikapu cha milulu cha Iringa kilichojaa mipira ambayo haiwezi tena kutundikwa, pamoja na matunda makavu ya msindano kutoka Sao Hill, kinatosha meza nzima ya chakula.

Na mti wa aluminiamu ukibahatika kuupata, ule wa fedha uliovuma Marekani kuanzia 1959, usiuzungushie taa za umeme. Ni chuma. Wenyewe waliumulika kwa taa iliyowekwa sakafuni.

"Mwaka jana vilikuwa vizima"

Basi viliharibikia kwenye boksi. Magazeti yana wino unaohamia kwenye rangi. Tumia karatasi nyeupe. Trei za mayai ni nzuri kwa mipira midogo, ila ziwe mpya, maana zilizotumika huita mende. Trei hizo za karatasi pia hunyonya unyevu, kwa hiyo ziingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Kitu kilichotengenezwa kwa unga wa ngano na chumvi kipe kopo la bati, kwa ajili ya panya. Ukisikia harufu ya uvundo, fungua kila kitu kivulini penye hewa siku mbili, weka bakuli la bekingi soda ndani ya ndoo usiku mmoja, kisha litoe. Naftalini usitie. Harufu yake haitoki kwenye karatasi.

Funga siku isiyo na mvua, baada ya Epifania, asubuhi umande ukishakauka. Juu ya mfuniko andika kwa kalamu ya wino mzito: volti ngapi, balbu za aina gani, na ni pambo lipi lina ufa.